Mfahamu Arp Schnitger, fundi wa vinanda vya kanisa ambaye kazi yake ilinusurika moto na vita

Ukitaja Ujerumani na muziki wa kanisani, wengi watakutajia Johann Sebastian Bach. Lakini kabla ya Bach kulikuwa na mtu mwingine, ambaye jina lake halikutokana na kutunga nyimbo. Yeye alitengeneza vinanda vyenyewe.

Anaitwa Arp Schnitger. Alifariki mwaka 1719, yaani zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hadi leo vipo vinanda karibu 30 vyenye sehemu kubwa ya kazi ya mikono yake. Vingine ibada ya Jumapili inaendeshwa navyo kama kawaida.

Kinanda gani hicho?

Hapa hatuzungumzii kile cha umeme kinachobebwa mkononi. Ni kinanda cha mabomba, kikubwa kama nyumba ya ghorofa, kinachojengwa ndani ya kanisa.

Kinatumia upepo. Mivukuto mikubwa inasukuma hewa kwenye masanduku ya mbao, na juu ya masanduku hayo yamesimama mabomba. Mpigaji akibonyeza kibodi, tundu linafunguka, hewa inapanda na bomba linalia kama filimbi. Bomba refu linatoa sauti nzito, fupi sauti nyembamba.

Enzi za Schnitger umeme haukuwepo, hivyo watu walikanyaga mivukuto kwa miguu muda wote wa ibada. Mabomba mengi yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na madini ya bati, mengine kwa mbao.

Mtoto wa seremala

Schnitger alizaliwa Schmalenfleth, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani karibu na mto Weser, na alibatizwa Julai 2, 1648. Huo ndio mwaka Vita vya Miaka 30 vilipoisha.

Baba yake alikuwa seremala, na kijana akaanza kwa kujifunza mbao nyumbani. Mwaka 1666 akaenda Glückstadt kwa ndugu yake Berendt Huss, fundi wa vinanda. Kwa pamoja walitengeneza kinanda cha kanisa la St. Cosmae mjini Stade, ambacho kipo hadi leo.

Huss alifariki mwaka 1676. Schnitger akamalizia kazi zilizobaki, akafungua karakana yake Stade, na mwaka 1682 akahamia Hamburg.

Kilichomleta Hamburg ni kazi ya kanisa la St. Nikolai. Kinanda hicho kilikamilika mwaka 1687 kikiwa na safu 67 za mabomba, na kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vikubwa kuliko vyote duniani wakati huo. Mpiga kinanda maarufu Dietrich Buxtehude alisafiri kutoka Lübeck kwenda kukikagua.

Baada ya hapo oda zikamiminika. Schnitger na mafundi wake walitengeneza au kukarabati vinanda zaidi ya 150, kuanzia makanisa makubwa ya mjini hadi ya vijijini. Kazi zake zilifika Uholanzi, Urusi na Ureno. Kuna kimoja kinachohusishwa na karakana yake ambacho kilipelekwa Ureno, kikavuka bahari na kufika Mariana, Brazil, mwaka 1753.

Hakutupa cha zamani

Mwaka 1689 alianza kazi ya kanisa la St. Jacobi, hapo hapo Hamburg. Aliimaliza mwaka 1693: safu 60, kibodi 4 za mikono na moja ya miguu, na mabomba karibu 4,000.

Kumbe mengi kati ya mabomba hayo hayakuwa yake. Yalitengenezwa na mafundi waliomtangulia, mengine karibu miaka 100 nyuma. Schnitger aliyakagua, akaona bado mazima, akayaunganisha na yake.

Mwaka 1720 Bach mwenyewe aliomba kazi ya kupiga kinanda hicho. Hakuipata. Aliyepewa, Johann Joachim Heitmann, alilipa kanisa marki 4,000.

Vita vikaja

Kile cha St. Nikolai hakipo tena. Moto mkubwa wa Hamburg wa mwaka 1842 ulikiteketeza pamoja na kanisa.

Cha St. Jacobi kilipona kwa shida. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mabomba ya mbele yaling'olewa kwa ajili ya mahitaji ya vita. Kilichobaki wengi walikiona chakavu, mpaka mwandishi Hans Henny Jahnn alipoanza kupigania kitengenezwe, kuanzia mwaka 1919.

Vita vya Pili vilipopamba moto, mabomba na masanduku ya hewa yakafunguliwa na kufichwa. Mwaka 1944 mabomu yalipiga kanisa. Fremu kubwa ya mbao iliteketea, lakini mabomba yalikuwa salama mafichoni. Ukarabati mkubwa wa fundi Jürgen Ahrend ulikamilika mwaka 1993, na leo mabomba hayo yanalia tena, yale ya Schnitger na yale ya wazee wake.

Kijiji kilichohifadhi hazina

Kuna kisa kingine cha Cappel, kijiji kilicho karibu na bahari ya Kaskazini. Kanisa lao liliungua mwaka 1810, na mwaka 1816 wakanunua kinanda kilichotumika. Schnitger alikuwa amekitengeneza mwaka 1680 kwa kanisa la St. Johannis la Hamburg, ambalo liligeuzwa ghala wakati wa utawala wa Wafaransa.

Makanisa yenye pesa yalibadilisha vinanda vyao kila fasheni ilipobadilika. Cappel waliendelea na chao. Miaka ya 1950, mpiga kinanda Helmut Walcha, ambaye hakuwa na uwezo wa kuona, alikwenda huko kurekodi muziki wa Bach, na rekodi hizo zikakifanya kijiji kijulikane duniani.

Mwisho wake

Schnitger alioa Gertrud Otte mwaka 1684. Wanawe Franz Caspar na Johann Georg walirithi ufundi, na baada ya kifo chake walimaliza kinanda kikubwa cha Zwolle, Uholanzi, mwaka 1721.

Yeye alizikwa Julai 28, 1719 ndani ya kanisa la Neuenfelde. Kinanda alichokitengeneza hapo mwaka 1688 bado kipo katika kanisa hilo hilo.