Mazuku: neno la wazee wetu ambalo sayansi ililikubali

Kila mtoto aliyekomalia Goma amesikia mama akimwambia: usishuke kwenye shimo lile, kuna mazuku. Wazee walisema ni upepo mbaya unaoua usiku. Asubuhi waliona mbuzi, mbwa na ndege wamelala wamekufa bila kidonda hata kimoja. Hawakukosea. Walikosa tu chombo cha kupimia.

Vyombo vilikuja pole pole. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, yenye kituo chake kikubwa Lwiro, katika Kabare. Leo tunakijua kwa jina la CRSN. Mwaka 1986 ikaanzishwa OVG, kituo cha kuchunguza volkano mjini Goma. Mwaka ule ule, tarehe 21 mwezi wa nane, ziwa Nyos kule Kamerun lilitoa gesi ya kaboni usiku, na watu karibu 1,700 wakafa. Tangu hapo macho ya wataalamu yaligeukia pia ziwa Kivu, ambalo limebeba gesi hiyo kwa wingi zaidi chini ya maji yake.

Watafiti wa kwetu na wenzao wa Ulaya walipopima mazuku, walikuta ni gesi ile ile ya kaboni. Inatoka ndani ya ardhi ya volkano na kupita katika nyufa za mawe. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa mashimoni kama maji. Haina rangi. Usiku, wakati hakuna upepo, inarundikana. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Ikifika sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache. Leo wataalamu wa nchi nyingine pia wanaandika "mazuku", neno letu lile lile.

Lakini elimu hii haikuwafikia wote. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kandokando ya Goma, kuna waliouawa na mazuku. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wageni, na hakuna mama wa pale aliyewaonyesha mashimo ya kuepuka.

Ndiyo sababu ninaandika habari hii ya zamani. Vita ilipowaka tena mwishoni mwa 2021, familia nyingi kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo zililala chini, kwenye hema, magharibi ya Goma, na upande ule una mazuku. Anayekimbia risasi hachagui kiwanja. Basi tukumbuke haya: tusisimike hema bondeni wala shimoni. Mtoto asilale chini kabisa, maana gesi inaanzia chini. Tukiona wanyama wadogo wamekufa mahali, tuhame na tuwaite wenyeji. Taa inayowaka si uhakika, kwa sababu gesi inaweza kumwangusha mtu kabla haijazima moto. Na mtu akianguka shimoni, tusimfuate mbio. Tuite msaada, tusije tukalia wawili.

Utafiti nao unataka kulishwa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipolipuka, raia walikimbia bila kuonywa mapema. Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na wataalamu walikosa hata intaneti ya kufuatilia mitambo yao. Mtaalamu asiye na mafuta ya gari hawezi kupima shimo.

Wazee walitupa neno, wataalamu wakatupa sababu. Kazi iliyobaki ni yetu: kumwambia jirani aliyefika jana usiku, kabla hajatandika mkeka.