Jukwaa Lililokuja na Askari

Nikiwatajia wanafunzi wangu wa Mbozi sanaa ya maigizo, mawazo yao huenda Dar es Salaam: ukumbi, pazia, kiingilio. Mimi huwarudisha kwenye vita vya 1914 hadi 1918, kwa askari na wapagazi.

Ngoma ya beni ilianza Lamu na Mombasa miaka ya 1890, vijana wa Pwani wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta na gwaride. Tanganyika yakatokea makundi mawili yaliyoshindana vikali, Marini na Arinoti, kila moja na mfalme wake na majenerali wake. Vita ndivyo vilivyoifikisha bara. Huku kwetu mapigano yalikuwa mlangoni kabisa: boma la Waingereza la Fife lilikuwa ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, na Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita hapo likielekea Kasama. Vita vilipokwisha, walionusurika walirudi makwao na ngoma hiyo. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ngoma hiyo ikaitwa Mbeni, ikaenea mpaka kwenye migodi ya shaba, kulikokwenda pia wanaume wa Ileje na Rungwe kutafuta kodi na mahari.

Wapo wanaosema beni ilikuwa kumwiga mkoloni tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kibarua aliyeamrishwa wiki nzima alivaa cheo Jumapili, akatoa amri, na watu wakamtii. Wakubwa wa migodi waliliona hilo. Wafanyakazi walipogoma mwaka 1935 Mufulira, Nkana na Luanshya, na Waafrika sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya serikali ilihoji pia mkono wa Mbeni katika mgomo ule.

Kutoka kwenye Mbeni ikazaliwa ngoma ya kalela, ambayo mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwaka 1951. Ngoma zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Alikuwapo "daktari" mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na "nesi" aliyevaa nyeupe, akipita kwa kila mchezaji na kioo na leso, huyu ajitazame, yule afutwe jasho. Huo ni mchezo wa kuigiza uliokamilika, una wahusika na mavazi, na ulichezwa uwanjani, mbele ya yeyote aliyepita.

Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa 2016 na bado unajijenga. Tukija kujenga jukwaa Tunduma, naomba liwe la wazi kama uwanja wa kalela, karibu na stendi, lisiwe na ngazi wala geti. Dereva anayesubiri zamu yake kwenye foleni ya malori aone, mama anayeuza mchele wa Kamsamba aone, na mwenye kiti cha magurudumu afike mbele kabisa bila kubebwa na mtu.