Likelemba: toka Nyarugusu mpaka Baraka

Vita ya 1996 ilituvusha Ziwa Tanganyika mpaka Nyarugusu, na likelemba ikavuka nasi. Leo huyu anakamata makuta, kesho mwengine. Tulipoanza kurudishwa Baraka kwa maboti mwaka 2005, tulirudi nayo. Lakini kansere haingoji zamu. Bibi wa mwenzetu alipopata kansere ya titi, mionzi ilibidi kuifuata Kigali, iliko tangu 2019. Bwana alitaka kuuza mtumbwi wake wa kuvulia. Tukakataa, watoto wangekula nini? Wote tukawaachia zamu zetu. Dawa zina risiti, wafadhili wanaziona. Nauli, kodi ya chumba, chakula cha bwana anayemlinda mgonjwa, hivyo ndivyo likelemba ililipa.