Kilo-Moto: miji iliyozaliwa na dhahabu

Mjini Kisangani watu wanajua zaidi almasi, juu kontwari zake zimekuwa mbele ya macho yao tangu miaka ya 1980. Dhahabu ilichimbwa mbali, upande wa Ituri na Uele, ingawa kote huko kulitawaliwa toka Kisangani mpaka mwaka 2015, Province Orientale ilipokatwa kuwa majimbo manne. Kijana wa Simi-Simi anayepanda gari kwenda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende anafuata njia iliyofunguliwa zamani sana.

Mwaka 1903, Kongo ikiwa bado mali ya mfalme Leopold II, Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walipata dhahabu kwenye vijito vya Kilo, katika teritware ambayo leo ni Djugu. Uchimbaji ulianza 1905. Kaskazini zaidi, karibu na Watsa, yakafuata machimbo ya Moto. Hayo ni majina ya mahali tu: si kilo ya mizani, wala moto wa jikoni. Mwaka 1926 yote yakawekwa chini ya kampuni moja, SOKIMO.

Dhahabu ilikuwa mingi. Waliokosekana ni watu wa kuichimba. Wanakijiji walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha. Kazi ikafanywa ya lazima. Ofisa Mbelgiji alimpa chifu hesabu ya vijana wanaotakiwa, chifu akawatoa, na kwa kila kichwa akapata zawadi yake. Vijiji vya jirani navyo vililimishwa chakula cha kambi. Kuna wazee wengi walioteswa na dhahabu bila kuishika mkononi hata siku moja.

Kambi hizo ndizo zilizokuza miji ya Mongbwalu, Watsa na Durba. Kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba, posho, shule, hospitali, mpaka umeme wa bwawa la Budana, vyote vilitoka kwake. Hata lugha ziligawanyika. Upande wa Kilo Kiswahili kilishika, upande wa Moto watu wakabaki na Kibangala na Lingala. Lakini mji wa namna hiyo unasimama kwa mguu mmoja. Mwaka 1966 serikali ilichukua machimbo na kuyaita OKIMO. Mashine zilipochakaa na mishahara ikachelewa, hospitali na shule nazo zikaanza kuanguka. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu wananchi wachimbe kwa mikono, na watoto wa wafanyakazi wa kampuni wakawa wakrezeri katika mashimo yale yale ya baba zao.

Vita vikafuata. Kati ya 2002 na 2004, UPC na FNI walipigania Mongbwalu, na shirika la Human Rights Watch lilihesabu raia wasiopungua 2000 waliouawa. Mwenye kushika machimbo alishika makuta ya kununua silaha. Ugomvi wa makabila peke yake hautoshi kueleza vita ile.

Upande wa Durba ulikuja mgodi wa Kibali, uliotoa dhahabu ya kwanza 2013. Barrick na AngloGold Ashanti wana asilimia 45 kila mmoja. SOKIMO, jina la zamani lililorudishwa, ina 10. Familia zaidi ya 4000 zilihamishwa, wengi wao wakapelekwa Kokiza, kwenye nyumba mpya lakini mbali na mashimo waliyokuwa wakiishi nayo.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu Mkongomani mwenye karti kuchimba katika maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wa mikono. Shida ni kwamba sehemu zenye dhahabu nzuri ziko mingi ndani ya vibali vya makampuni. Basi mkrezeri anachimba akiogopa kufukuzwa, na anauza haraka kwa mnunuzi mwenye mizani ndogo, ambapo kijiti cha kiberiti kinaweza kuwa ndiyo jiwe la kupimia. Kutoka hapo sehemu kubwa inavuka mpaka kimya kimya kuingia Uganda, halafu Dubai, bila kulipa kodi hata franga moja.