Mkono wa Pili

Pikapu ya fowili inayobeba magunia ya mwani Shumba, kaskazini mwa Pemba, mara nyingi iliundwa Japani kwa ajili ya mtu ambaye Pemba hataiona maishani. Mtu huyo alikuwa na theluji siku chache za mwaka, na lami siku zilizobaki. Theluji ikianguka alizungusha swichi kwenye dashibodi, taa ndogo ikawaka, akaenda zake. Miaka ikapita, akaiuza, ikapakiwa melini.

Swichi ile haisukumi gia yoyote. Inatuma ujumbe kwa kompyuta ndogo, kompyuta inaamrisha mota iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi ndogo, ile ambayo mafundi huiita transfa, na mota ndiyo inayounganisha propela shafti ya mbele. Mota yenyewe iko chini ya gari, panaporuka maji na mchanga. Kama haikuguswa kwa miaka, mafuta yake yameganda. Ikipata na chumvi, nyaya zinaota kutu ya kijani, taa inapepesa bila kutulia, na gari linabaki kuvuta kwa matairi ya nyuma tu. Hilo likitokea mchangani na mzigo mgongoni, maji nayo yanajaa, hakuna muda wa kutafuta kompyuta ya kupima kompyuta.

Dawa ya mafundi ni kuing'oa transfa ya umeme na kufunga ya zamani, yenye mkono wake wa chuma kando ya gia kubwa. Kwa kalenda ni kurudi nyuma. Mimi naona kalenda ndiyo imekosea.

Mkono huo una ukoo mrefu. Mwaka 1908 mafundi wawili wa Clintonville, jimbo la Wisconsin, Otto Zachow na William Besserdich, walipata hataza ya namna ya kupeleka nguvu ya injini kwenye matairi ya mbele huku yakiendelea kukata kona, na magari yao yakaja kutumika katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ya Pili ikaleta Jeep. Transfa yake ilikuwa na gia nzito ya 1.97, yaani karibu inaongeza nguvu mara mbili na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Baada ya vita Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep shambani kwake Anglesey, na gari la kwanza la majaribio la Land Rover lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Lilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, soko lililokusudiwa lilikuwa wakulima. Walionunua kwa wingi ni pamoja na serikali za kikoloni, na hivyo neno landrova likaingia katika Kiswahili kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Landrova za zamani zilikuwa na mikono miwili ya ziada, mmoja wa kichwa cha manjano, mwingine chekundu. Ukikandamiza wa manjano, matairi ya mbele yanaanza kuvuta. Lakini huwezi kuyaachia kwa kuuvuta tu: unasimamisha gari, unarudisha mwekundu nyuma hadi gia nzito, kisha unausogeza mbele tena, ndipo wa manjano unaruka wenyewe. Usumbufu? Ndiyo. Ila dereva alijua kwa kiganja gari liko katika hali gani, bila kuuliza taa.

Kaskazini mwa Pemba kujua huko kuna thamani. Magharibi kuna vilima vya udongo na mikarafuu, katikati yao mabonde ya mpunga. Upande wa Micheweni kuna maweni, jiwe la matumbawe lenye makali. Kwenye kona matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Transfa ya kawaida ikiyafunga pamoja, lazima tairi mojawapo liteleze kidogo. Kwenye tope la masika linateleza bila neno. Kwenye jiwe kavu linagoma, na nguvu iliyokosa pa kutokea inajikunja ndani ya shafti na meno ya gia mpaka kitu kikatike. Safari moja fupi inaweza kudai uweke na kuondoa fowili mara kadhaa. Swichi ya mtu wa theluji haikuwekwa kwa mazoea hayo.

Magari haya ya mtumba yalifuata njia ambayo si ya ufundi. Karafuu ndiyo iliyokuwa fedha ya kigeni ya Zanzibar, na sehemu kubwa ilitoka Pemba tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja. Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilipoanza kujitosheleza, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Zanzibar ikalegeza biashara ya kuagiza bidhaa chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani 1984. Gari likaacha kuwa kitu cha serikali peke yake. Likaja na kasoro zake.

Sasa kazi yenyewe. Fundi anahesabu kwanza meno ya shafti inayotoka gia boksi kubwa, kwa sababu jino moja likizidi hakuna la kufanya. Anatazama propela ya mbele inatokea kulia au kushoto, ilingane na difu. Anapima urefu: transfa mpya ikizidi kidogo tu, propela moja inakatwa na nyingine inaongezwa, kisha zinasawazishwa ili gari lisitetemeke. Gia ya spidomita nayo huhamishwa. Mwisho sakafu inatobolewa ili mkono upite, na mpira wa kuziba tundu usipopatikana, hukatwa kwenye tairi la ndani.

Taa ya dashibodi inaendelea kupepesa, ikiitafuta mota iliyokwisha kutupwa. Fundi anachomoa balbu. Swichi inaachwa mahali pake, kwa vile ikitoka inabaki na tundu, na watoto wanaopewa lifti huizungusha njia nzima.