Mashine ya kuosha vyombo na kichanja cha Ringwani

Nyumbani kwa kaka yangu hapa Dar kuna mjadala mzito. Shemeji anataka mashine ya kuosha vyombo. Kaka anauliza bei. Dada wa kazi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alinivuta pembeni: "Kaka, hiyo mashine ikija, mimi nitabaki?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kupekua historia.

Kumbe mashine yenyewe ni ya zamani. Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliipatia hataza Desemba 1886, miaka 18 na ushee kabla reli yetu ya kati haijaanza kujengwa. Mama huyu hakuchoshwa na kuosha vyombo. Alikuwa na watumishi. Kilichomkera ni watumishi kumvunjia kingo za sahani zake za kaure. Mumewe alifariki 1883 na kumwachia madeni, wazo likageuka biashara. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 mashine zake ziliosha vyombo vya migahawa. Majumbani ilichelewa sana, maana nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Mpaka miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kuzoeleka kwa Wamarekani wa kawaida.

Sasa twende Ringwani, wilayani Serengeti, kwa bibi. Pale mashine ni kichanja: nguzo, fito na jua. Sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga. Msicheke! Majivu yana magadi, yakikutana na mafuta hutengeneza aina ya sabuni. Jua hukausha na kuua vijidudu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili magonjwa na kuchimba vyoo. Mpaka leo bwana afya akipita kijijini hutazama choo, kisha kichanja.

Lakini kazi yenyewe ilibaki kwa wasichana, na sehemu ngumu ni maji. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji angepata maji safi karibu na kwake. 1991 ilifika, ahadi haijatimia. Sera ya Maji ya 2002 ikarudia: kituo kisizidi mita 400 kutoka kwenye kaya. Bibi hahesabu sahani, anahesabu ndoo.

Kwa hiyo, kaka na shemeji, kabla ya bei ulizeni maji. Mashine ya sasa hutumia kama lita 10 hadi 15 kwa mzunguko, ila inataka maji ya bomba yenye nguvu, umeme usiokatika na dawa yake maalumu. Sufuria za aluminiamu zitapoteza rangi, na mwiko wa mbao utapasuka.

Halafu mwiteni dada mezani. Cochrane alifikiria sahani, hakumfikiria aliyezishika. Dada anapika, anafua, analea. Mashine haitafanya hayo. Kama itampa saa mbili jioni, ziwe zake, aende kusoma cherehani kama anavyotamani siku zote, na mshahara usiguswe. Vinginevyo, mimi nasema tujenge kichanja, na kaka aoshe vyombo.

Mnasemaje, wadau?