Ardhi ya Kibaha na Kisarawe: Historia ya Kuwauliza Wenyeji Kabla ya Kujenga

Kibaha na Kisarawe ni wilaya za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam upande wa magharibi. Ya kwanza inapitiwa na Barabara ya Morogoro. Ya pili inaanzia kwenye vilima vya Pugu na kuenea hadi Maneromango na Mzenga. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila mara Dar es Salaam ilipohitaji ardhi ya reli, ya mashamba, ya shule au ya viwanja vya nyumba, macho yaligeukia huko. Kila mara pia lilizuka swali la nani aulizwe kabla ya ardhi hiyo kuchukuliwa. Majibu yamebadilika kadiri tawala na sheria zilivyobadilika, na hayakuelekea upande mmoja kila wakati.

Kwa Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hili, aliyefyeka pori kwanza ndiye mwenye haki, na haki hiyo ilikaa katika ukoo. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mzee wa ukoo na kuomba. Alipokubaliwa, alipewa mahali pa kupanda mazao ya msimu kama mpunga, mahindi au mtama. Hakuruhusiwa kupanda mwembe, mnazi au mkorosho, kwa sababu mti wa kudumu ulikuwa dai la kudumu. Mti ungeweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, na wote wawili walitakiwa kusikilizwa kabla ya kubadilisha chochote. Utaratibu huo haukuandikwa popote, ila ulikuwa na mashahidi: majirani waliokuwepo siku ya kukatiana mpaka.

Utawala wa Wajerumani ulileta kanuni nyingine. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na kamisheni za ardhi zikapewa kazi ya kuamua ipi ina mwenyewe. Palipokuwa pakilimwa wakati wa ukaguzi pakahesabiwa kuwa na mtu, lakini palipoachwa papumzike, kama kilimo cha kuhamahama kilivyodai, ilikuwa rahisi paonekane pori tupu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kupita Pugu na Ruvu hadi kufika Morogoro mwaka 1907, thamani ya ardhi iliyo kando yake ilipanda mikononi mwa walowezi. Aliyeulizwa, kama aliulizwa mtu, alikuwa akida au jumbe, ambaye cheo chake kilitegemea utawala uleule uliokuwa ukiuliza.

Waingereza walilainisha lugha bila kuachia mamlaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji, na marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua kwamba mwananchi anayekaa kwa mila naye ana haki ya kumiliki. Haki hiyo ilikuwa dhaifu mbele ya hati iliyotolewa ofisini. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipata mpango mkuu wake wa kwanza, na mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji. Ushauri ulioingizwa katika upangaji wa namna hii ulikuwa ushauri wa karatasi, uliomfaa mtu anayesoma Kiingereza na kujua njia ya kwenda ofisi ya serikali. Mkulima wa Kisarawe hakuwa mtu wa namna hiyo.

Baada ya Uhuru mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja uliokuwa mikononi mwa wachache ulifutwa, na mamlaka ya machifu nayo yakafutwa. Mahali pa jumbe pakachukuliwa na chama: mjumbe wa nyumba kumi, tawi la TANU, katibu. Mwananchi alipata sehemu ya kusemea iliyo karibu na mlango wake kuliko alivyowahi kupata, ingawa uzi uleule uliopandisha maneno yake ndio ulioteremsha maagizo.

Kibaha ndiko mpango mkubwa wa kwanza wa zama hizo ulikosimama. Kwa mkataba wa mwaka 1962, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Kilianza mwaka 1963, na Januari 1970 kikakabidhiwa kwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Manufaa yake hayabishaniwi. Vizazi vya viongozi na wataalamu wa nchi vilisoma pale. Hata hivyo mkataba ulikuwa kati ya serikali na serikali, na mji wa Kibaha ukakua kuzunguka kituo ambacho ramani yake haikuanzia kwenye baraza la wenyeji.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilimpa Rais uwezo wa kuchukua ardhi yoyote kwa manufaa ya umma. Ilitaka taarifa itolewe na fidia ilipwe, lakini ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilicholipwa ni nyumba, miti na mazao. Hapo ndipo mkorosho, ambao zamani ulikuwa ushahidi wa haki ya ukoo, ulipogeuka kuwa karibu hoja pekee ya mkulima mbele ya mthamini. Mtu aliyekuwa na eka ishirini za pori la urithi na mikorosho kumi alilipwa mikorosho kumi.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka uliofuata familia za Mkoa wa Pwani zilihamishwa kutoka mashamba yaliyotawanyika kwenda kwenye makazi yaliyopangwa kwa mistari kando ya barabara. Huu ndio mradi wa makazi mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika katika eneo hili, na ndio ambao wakazi waliulizwa kidogo kuliko wote. Mikutano ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kutangaza tarehe ya kuhama. Mikorosho iliachwa kwenye mahame ikamezwa na vichaka. Aliyepewa kiwanja kijijini mara nyingi alipewa juu ya shamba la mwenzake, na mwenzake naye hakuulizwa. Miaka ya themanini, amri ilipolegea na watu wakaanza kurudi kwenye mashamba ya zamani, kesi zilizozaliwa na uhamisho ule zilijitokeza moja baada ya nyingine.

Pamoja na maumivu yake, kipindi hicho kiliacha chombo chenye thamani. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, na baadaye Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, zilianzisha mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana sauti. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kikao cha kisheria ambamo mtu wa Masaki au Mzenga, huko Kisarawe, angeweza kusimama na kusema hapana, na neno lake likaandikwa kwenye muhtasari.

Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilifanya mamia ya mikutano ya hadhara Tanzania Bara, na hilo lenyewe lilikuwa tukio: serikali kuwauliza wananchi kuhusu ardhi kabla ya kuandika sheria. Ilipendekeza ardhi ya vijiji iwekwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji badala ya kubaki mikononi mwa Rais. Pendekezo hilo, lililokuwa moyo wa taarifa nzima, lilikataliwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilibeba sehemu ya mafanikio hayo: ardhi yenyewe ikatambuliwa kuwa na thamani, na fidia ikatakiwa kuwa kamili, ya haki na ya haraka.

Mojawapo ya sheria hizo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliweka pia kipimo cha hekta 250. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla na haizidi kipimo hicho, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Ikizidi, kijiji hutoa maoni na Waziri ndiye anayeamua. Maana yake ni kwamba jinsi eneo linavyokuwa kubwa, neno la wenyeji linapungua uzito. Kisarawe iliona mpangilio huo ukifanya kazi. Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilitaka ardhi ya kulima mibono, na vijiji 11 viliombwa kuitoa. Mikutano ilifanyika, ahadi za ajira, visima, shule na zahanati zikatolewa kwa mdomo, na kampuni ikapata zaidi ya hekta 8,200. Mwaka 2011 ilifilisika. Vijiji vilivyodhani vimeazima ardhi vikakuta kwamba kisheria imeshatoka mikononi mwao. Shamba la mibono si mradi wa nyumba, lakini hakuna tukio la wilaya hizi linaloonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kuhudhuria mkutano na kuelewa kinachoamuliwa ndani yake.

Wakati huohuo jiji lilikuwa linafika lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Mji wa Kibaha una watu zaidi ya 128,000, na ile ya mwaka 2022 ikakuta idadi hiyo imezidi mara mbili. Wakulima waliuza mashamba vipande vipande kwa watu wa Dar es Salaam, wakiandikishana mbele ya mwenyekiti na mashahidi, na nyumba zikaota kabla ya barabara. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui hadi siku ya mgogoro. Eneo likishaingizwa katika mamlaka ya mji, kijiji hufa kisheria na kuwa mitaa. Mkutano wa mtaa unaweza kuzungumza na kuuliza maswali, lakini hausimamii ardhi kama mkutano mkuu wa kijiji ulivyofanya. Uamuzi wa matumizi uko kwenye halmashauri na wizara. Kwa hiyo mkazi wa Mji wa Kibaha alipoteza kura yake juu ya ardhi wakati uleule bei ya ardhi hiyo ilipoanza kupanda, na jirani yake aliye bado kijijini Kisarawe anaishika kura hiyo hadi mji utakapomfikia.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuitaka mamlaka ya upangaji iitishe mkutano wa wamiliki wa ardhi na taasisi za eneo kabla ya kuandaa mpango. Utekelezaji wake ulitegemea sana wakati wa kuitisha. Kule Luguruni, kabla ya mpaka wa Kibaha, wakazi walitakiwa kupisha mji wa pembezoni. Kigamboni, upande wa pili wa jiji, ujenzi ulisimamishwa mwaka 2008 kwa ajili ya mji mpya ambao haukujengwa, na wakazi wakaishi miaka mingi bila kuruhusiwa hata kuongeza chumba. Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Serikali ilishikilia kwamba ziko ndani ya hifadhi ya barabara, na aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia, wala hana la kuulizwa.

Njia ambayo imewapa wakazi nafasi kubwa zaidi ni urasimishaji na upimaji shirikishi. Mtaa huunda kamati yake, mchoro hubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, na mpima hupita mpaka kwa mpaka akiwa na majirani. Wenye ardhi hukubaliana kila mmoja amege kidogo ili barabara, shule na eneo la wazi vipatikane, na katika mashamba makubwa mwenye shamba hugawana viwanja na anayegharamia upimaji. Kazi hii ni ya polepole, inakwama pale mmoja anapokataa kusogeza uzio, na michango ya fedha huwashinda wajane na wazee wenye ardhi bila kipato. Hata hivyo bikoni inayowekwa mbele ya majirani wote haing'olewi kirahisi, kwa kuwa waliokuwepo siku hiyo wanaweza kuitolea ushahidi, kama ilivyokuwa kwa mipaka ya mashamba ya Wazaramo kabla ya ramani ya kwanza kuchorwa.